Wasomaji Wanauliza: Kununua na Kuendesha Ndege ya Biashara ya Masafa Marefu

Barua nyingi zinazotufikia kuhusu ndege za biashara huuliza bei tu. Hilo ndilo swali lililo rahisi kuliko yote kujibiwa, kwa hiyo safari hii tumechagua barua zilizouliza mengine. Majina ya walioandika tumeyaacha kwa ombi lao wenyewe.

Vipeperushi vitatu, ahadi moja

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa bodi ya kampuni yenye ofisi New York na Hong Kong. Wakurugenzi wetu wamewekewa mezani vipeperushi vya Gulfstream G650ER, Gulfstream G700 na Bombardier Global 7500. Vyote vinaahidi safari ya kilomita elfu kumi na nne hivi bila kutua, ilhali umbali kati ya miji yetu miwili ni kama kilomita 13,000. Sisi huenda Hong Kong mara nne au tano kwa mwaka. Safari zetu nyingine ni fupi zaidi. Kwa kuwa zote tatu zinafika, je, si tuchague kwa bei na mapambo tu?

JIBU: Ndugu Katibu, vipeperushi hivyo havisemi uongo, ila vinajibu swali ambalo bodi yenu haijaliuliza. Masafa yanayochapishwa hupimwa kwa masharti maalumu: abiria 8 na mizigo yao, anga lisilo na upepo, joto la wastani, mwendo wa Mach 0.85 (yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti), na akiba ya mafuta ya kuifikisha ndege kwenye uwanja mbadala ulio maili 200 za baharini kutoka ule uliokusudiwa. Kwa masharti hayo G650ER hufika maili 7,500 za baharini, yaani kama kilomita 13,890. Global 7500 hufika maili 7,700, yaani kilomita 14,260. Na G700 hufika maili 7,750, yaani kilomita 14,350. Tofauti kati ya ya mwanzo na ya mwisho haifiki kilomita 500, na upepo wa siku moja unatosha kuifuta.

Fanyeni hesabu wenyewe kwa kalamu. Katika kimo cha kusafiria, Mach 0.85 ni karibu kilomita 900 kwa saa. Ndege ikikutana na upepo wa mbisho wa wastani wa kilomita 100 kwa saa njia nzima, jambo lisilo la ajabu kwa anayeelekea magharibi majira ya baridi, ardhi iliyo chini yake itapita kwa kilomita 800 tu kwa saa huku injini zikila mafuta yaleyale. Kilomita 13,890 za G650ER zinashuka hadi kama 12,350, na Hong Kong inabaki mbele. Kurudi New York, upepo huohuo unawasukuma, na hapo ndipo wauzaji wanapopenda kutolea mifano yao.

Mwendo nao una gharama yake. Kipeperushi cha G700 kinataja masafa ya kilomita 14,350 na pia kinataja mwendo wa juu kabisa wa Mach 0.935, na msomaji asiyezoea huondoka akidhani atavipata vyote viwili katika safari moja. Kwa Mach 0.90 ndege hiyohiyo hufika maili 6,650 za baharini, sawa na kilomita 12,300. Mkurugenzi anayetaka kuwahi kwa nusu saa na ushei anaweza kulazimika kutua njiani kujaza mafuta, na akafika akiwa amechelewa kuliko yule aliyekwenda taratibu.

Zaidi ya hayo, kilomita 13,000 mlizozipima ni za mstari mfupi kuliko yote juu ya tufe la dunia, na mstari huo unapita karibu na Ncha ya Kaskazini kisha juu ya Urusi. Tangu mwaka 2022 anga la Urusi limefungwa kwa ndege za Marekani, Kanada, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya. Ndege yenu ikisajiliwa katika mojawapo ya nchi hizo itazunguka kupitia upande wa Pasifiki, ambako njia ni ndefu zaidi na upepo ni mkali zaidi. Bodi inapaswa kuona njia halisi itakayoidhinishwa, si uzi ulionyooshwa kwenye ramani.

Sasa tuje kwenye uwanja wa kuondokea. Wenye ndege binafsi wanaokwenda Manhattan hupenda Teterboro, upande wa New Jersey, kwa sababu uko karibu. Uwanja huo una kikomo cha uzito cha pauni 100,000, takriban tani 45.4. G650 ya awali, ambayo uzito wake wa juu wa kuruka ni pauni 99,600, inapita chini ya mstari huo kwa pauni 400 tu. G650ER inaruhusiwa kuruka na pauni 103,600, G700 na 107,600, na Global 7500 na 114,850. Maana yake ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo tatu mlizowekewa mezani inayoweza kuondoka Teterboro ikiwa imejaa. G650ER italazimika kuacha kama tani 1.6, na kwa ndege inayotumia wastani wa tani 1.3 za mafuta kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa nzima ya kuruka. Mtakapotaka kwenda Hong Kong moja kwa moja mtaondokea viwanja vikubwa vya Newark au JFK, pamoja na foleni zake.

Ulizeni pia ndege inabeba nini matangi yakiwa yamejaa. G650ER ikibeba mafuta yake yote, tani 21.9 hivi au zaidi ya lita 27,000, uzito unaobaki kwa watu na mizigo ni pauni 1,800, yaani kilo 816. Mtu mmoja na masanduku yake mkimkadiria kilo 100, abiria 8 wameumaliza uzito huo. Viti 14 au 16 mnavyoviona kwenye picha ni vya safari fupi zaidi. Hata mapambo yanaingia katika hesabu hii: anayetaka bafu la kuogea angani akumbuke kwamba lita 100 za maji ni kilo 100, uzito wa abiria mmoja ambaye hatalipa nauli wala kuhudhuria kikao.

Kwa hiyo msiwaulize wauzaji ndege inafika wapi. Wapeni orodha ya safari zenu za miaka miwili iliyopita, viwanja mnavyovitumia, idadi halisi ya abiria, na mtake mpango wa mafuta wa kila safari kwa upepo wa Januari, katika kiwango cha uhakika cha asilimia 85, maana yake upepo ambao ndege itaweza kuukabili katika siku 85 kati ya 100. Kwa viwanja vyenye joto kali au vilivyo juu milimani, mtake na urefu wa njia ya kurukia unaohitajika siku hiyo. G650ER iliyojaa, usawa wa bahari na hali ya kawaida, huhitaji kama mita 1,920. Joto na mwinuko huongeza, na kwa wingi. Matokeo yakiwaridhisha, mtake yaingizwe katika mkataba kama dhamana ya utendaji.

Maoni yangu, kwa kuwa umeyaomba: safari nne au tano kwa mwaka hazitoshi kuwa sababu ya kununua masafa ya mwisho kabisa. Kutua Anchorage, Alaska, kujaza mafuta huchukua kama saa moja kwa timu iliyojipanga. Chagueni ndege inayofaa kwa safari zile nyingine, halafu mjiulize kama saa hiyo moja mara tano kwa mwaka ina thamani ya tofauti ya bei.

Marubani wawili kwa saa kumi na tano

SWALI: Mshauri wetu anasisitiza kwamba safari zetu ndefu zinahitaji marubani watatu au wanne. Ndege ni yetu wenyewe, imesajiliwa Marekani na haibebi abiria wa kulipa, na tunaelewa kwamba sheria haituwekei kikomo cha saa. Je, mshauri anatuongezea gharama bure?

JIBU: Mmeielewa sheria sawasawa, na mshauri wenu yuko sahihi vilevile. Kwa ndege za kukodi za Marekani, zinazoendeshwa chini ya sehemu ya 135 ya kanuni za anga, marubani wawili hawaruhusiwi kuruka zaidi ya saa 10 ndani ya saa 24. Ndege ya mwenyewe isiyo ya biashara, chini ya sehemu ya 91, haina kikomo hicho. Lakini safari ya saa 15 ni siku ya kazi ya saa 18, ukihesabu maandalizi kabla ya kuondoka na taratibu za kufunga ndege baada ya kutua, na sehemu iliyo ngumu kuliko zote, yaani kushuka na kutua, inaangukia mwisho kabisa wa siku hiyo, mara nyingi usiku na katika uwanja wenye msongamano. Kampuni ya bima itauliza nani alikuwa amelala na wapi.

Ndiyo maana ndege za daraja hili huwa na sehemu ya mapumziko ya wafanyakazi karibu na mlango wa mbele. Mnapokagua ndege, mtu mzima alale pale kwa dakika chache mlango wa jiko ukifunguliwa na kufungwa. Wanunuzi hupima sana kitanda cha mwenye ndege kule nyuma na kukisahau cha rubani.

Ajira nazo zipangwe mapema. Ndege moja inayoruka mara kwa mara katika masafa haya huhitaji marubani watatu au wanne wa kudumu, mhudumu mmoja au wawili, na fundi anayewajibika. Kila rubani lazima awe na idhini ya aina ya ndege husika na arudi kwenye mashine ya kuigiza urukaji kila mwaka, wengi mara mbili. Idhini hizi hazihamishiki hivihivi: kwenye leseni, G650 huandikwa GVI na G700 huandikwa GVIII. Mkipanga kubadilisha ndege baada ya miaka michache, muda na gharama za kuwafundisha upya viwemo katika bajeti tangu sasa.

Dalali asemaye kuna mnunuzi mwingine mlangoni

SWALI: Familia yetu imepata G650ER ya mwaka 2015 kwa bei inayotupendeza. Dalali anasema tukichelewa kwa ukaguzi tutaikosa, na kwamba vitabu vya ndege viko safi. Je, ukaguzi kabla ya ununuzi unaweza kufupishwa?

JIBU: Hapana. Mnunuzi mwingine akiwepo kweli, naye atataka ukaguzi.

Utaratibu uliozoeleka una hatua zake na unalinda pande zote mbili. Mnaanza na barua ya kusudio inayotaja bei na masharti, na amana inayowekwa kwa wakala huru wa kushikilia fedha, ambayo mnarudishiwa yote mkikataa ndege baada ya ukaguzi. Kisha ndege inapelekwa katika karakana iliyoidhinishwa na mtengenezaji, na hapa nasisitiza: isiwe ile iliyoitunza maisha yake yote, kwa kuwa si haki kumtaka fundi ajitolee ushahidi dhidi yake mwenyewe. Baada ya ukaguzi na safari ya majaribio mnatia saini hati ya kukubali hali ya ndege, na kuanzia hapo tu ndipo amana hairudi.

Ndani ya karakana, mambo mawili yanastahili jicho la mwakilishi wenu mwenyewe. La kwanza ni injini. Fundi huingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo pembeni mwa injini na kuzungusha shafti polepole, bapa moja baada ya jingine likipita mbele ya lenzi. Mwakilishi wenu akae mbele ya skrini hiyo, atazame kingo zilizoliwa, alama za kuungua na nyufa ndogo, na video yote ihifadhiwe. Injini za G650ER ni Rolls-Royce BR725, na nyingi zimeandikishwa katika mpango wa CorporateCare, ambapo mwenye ndege hulipia matengenezo kwa kila saa ya kuruka. Ombeni barua ya mtengenezaji inayothibitisha kwamba malipo hayana deni na kwamba mpango utahamia kwenu. Injini isiyo katika mpango wowote si dosari, ila bei inapaswa kushuka kwa kiasi cha matengenezo yanayoisubiri, nayo huhesabiwa kwa mamilioni ya dola.

La pili ni vitabu. Neno "safi" la dalali lina maana moja tu inayokubalika: kumbukumbu zote za asili, tangu siku ndege ilipotoka kiwandani, bila pengo. Kila kifaa chenye namba kiwe na cheti chake, ama fomu 8130-3 ya Marekani ama Fomu 1 ya Ulaya. Chagueni vifaa kumi bila mpangilio, msome namba zilizogongwa kwenye chuma, kisha mzitafute kitabuni. Mkikosa kimoja, ongezeni kumi vingine. Kurasa zilizopotea hazirudishwi kwa maneno, na siku mtakapouza, mnunuzi wenu atapunguza bei kwa sababu yake.

Angalieni pia kalenda. Ndege hizi hufanyiwa ukaguzi mkubwa kwa miaka, hata kama zimekaa bandani: kwa G650 ni kila miezi 96. Ndege ya 2015 ilipaswa kupita ukaguzi huo kama mwaka 2023. Kama ulifanyika, ripoti yake ni usomaji mzuri kuliko kipeperushi chochote. Kama ulisogezwa mbele au ndege ilikaa bila kuruka muda mrefu, hasa kando ya bahari, tafuteni kutu chini ya jiko na vyoo kwanza.

Mwisho, hakikisheni ndege haina rehani. Msitazame daftari la nchi ya usajili peke yake. Tazameni pia Daftari la Kimataifa lililoanzishwa kwa Mkataba wa Cape Town wa 2001, linaloendeshwa kutoka Dublin, ambako wakopeshaji huandikisha haki zao juu ya ndege na injini. Injini huandikishwa mbali na ndege. Nimetaja hili kwa sababu wapo wanaotafuta namba ya ndege na kuzisahau injini mbili zinazoning'inia mkiani.

"Itajilipa yenyewe"

SWALI: Tutaitumia ndege kama saa 150 kwa mwaka. Tumeshauriwa kuikodisha muda uliobaki ili ijilipe, na kuisajili Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland. Tunataka pia kuunda kampuni ya kuimiliki, ambayo kampuni zetu nyingine zitailipa kwa kila safari. Kuna ubaya?

JIBU: Mna mambo matatu yanayogongana.

Usajili wa Isle of Man, ulioanza mwaka 2007, una sifa nzuri, lakini haupokei ndege zinazobeba abiria kwa malipo. Kama nia ni kukodisha, tafuteni daftari jingine, na ndege iingie chini ya mwendeshaji mwenye cheti cha biashara ya usafiri wa anga. Atahitaji muda wa kuipitisha, huenda akataka vifaa vya ziada, na marubani wenu watafuata vikomo vyake vya saa.

Kampuni ya kumiliki ndege peke yake ni jambo la kuangaliwa zaidi, na kama ndege ingesajiliwa Marekani lingekuwa kosa la wazi. Mamlaka ya anga ya huko, FAA, huihesabu kampuni isiyo na shughuli nyingine, inayotoa rubani na ndege kwa ndugu zake na kulipwa, kuwa ni mchukuzi wa biashara asiye na cheti. Faini ni jambo moja. Kubwa zaidi ni kwamba bima inaweza kukataa madai siku ya ajali. Wanasheria wa kodi hupenda muundo huu kwa sababu unatenganisha dhima, kwa hiyo mketisheni mwanasheria wa kodi na wa anga katika chumba kimoja kabla ya kusajili chochote.

Ama kuhusu kujilipa, mapato ya kukodisha hupunguza gharama, ila sijaona hesabu ya kweli ambamo yanazifuta. Mishahara, banda, bima, mafunzo na ada za data za urambazaji havisimami ndege ikikaa. Kila saa ya mpangaji huongeza saa za injini na kupunguza bei ya kuuza, na wiki mnayoihitaji ndege ndiyo wiki soko zima linapoihitaji. Kanuni ya wenye kazi hii ni kwamba chini ya saa 200 kwa mwaka umiliki kamili ni mgumu kuutetea. Kwa saa 150, pigeni kwanza hesabu ya kununua sehemu ya ndege au saa za kuruka: kampuni za NetJets na VistaJet zote zina Global 7500, na Qatar Executive hukodisha G650ER na G700.

Urefu wa dari

SWALI: Mume wangu ni mrefu na anavutiwa na Falcon 10X kwa sababu ya dari yake. Je, sentimita chache zina maana?

JIBU: Zina maana kwake. Dassault, mtengenezaji wa Falcon, imeahidi dari ya mita 2.03 na upana wa mita 2.77 katika 10X, wakati ya G650 ni mita 1.91 kwa 2.49. Lakini ndege hiyo ilitangazwa mwaka 2021 kwa bei ya dola milioni 75, na ahadi za mtengenezaji husomwa tofauti na namba zilizokwisha kupimwa na kuidhinishwa. Kwa safari ya saa 13, mimi ningetazama kwanza shinikizo la hewa ndani. Ndege za abiria huruhusiwa kuwa na hewa sawa na ya kimo cha futi 8,000. Ndege bora za daraja hili hubaki chini ya futi 3,000 zikiwa katika kimo cha futi 41,000, na miguu isiyovimba asubuhi ya pili itamshukuru aliyechagua hivyo. Mpelekeni akae ndani ya ndege halisi kwa saa mbili ikiwa angani. Kusimama kwenye maonyesho hakumwonyeshi kelele wala ukavu wa hewa.

Sydney hadi London

SWALI: Ni ndege ipi ya biashara itakayonitoa Sydney hadi London bila kutua?

JIBU: Kati ya ndege zilizoundwa mahsusi kwa biashara, hakuna. Umbali ni kama kilomita 17,000. Gulfstream G800, iliyoidhinishwa mwaka 2025, ina masafa ya maili 8,200 za baharini, yaani kilomita 15,190, na hayo ni kwa masharti yaleyale ya hewa tulivu. Pangeni kutua Singapore, na mchague ndege kwa kutazama kipande cha pili, Singapore hadi London, chenye karibu kilomita 10,900 dhidi ya upepo. Kwa kipande hicho G650ER ina nafasi ya kutosha. Falcon 8X yenye injini tatu, masafa yake yakiwa maili 6,450 au kilomita 11,950, inakifika siku ya hewa tulivu, ila kwa mbisho wa kilomita 100 kwa saa haitafika.